Je, Tumsadiki Mtu Asemaye, Mgongo Waniuma?



Hapa Mazimbu farasi si mnyama wa kila siku. Watoto wetu humjua zaidi kwa picha ya Mtume Paulo akianguka katika njia ya Dameski, ijapokuwa sura ya 9 ya Matendo ya Mitume haimtaji farasi hata mmoja. Wachoraji ndio waliomwongeza. Mbung'o na maradhi mengine ndiyo yaliyomnyima farasi nafasi katika nchi hii. Majeshi ya Waingereza na ya Afrika Kusini yaliyoingia mji wa Morogoro tarehe 26 Agosti 1916 yalikuja na farasi wengi sana, na wengi mno walikufa njiani.

Mimi nalimpanda mbali na hapa, katika shamba moja la kaskazini, nalipokwenda kumtazama ndugu yangu. Turubai lilipigwa na upepo, mnyama akashtuka akaruka kando, nami nikaangukia matako juu ya ardhi kavu. Sikuweza kuvuta pumzi. Vijana wakaja mbio, wakataka kuninyanyua kwa mikono na miguu kama gunia la mahindi. Lakini mama mmoja mzee akawakemea, akaagiza uletwe ubao. Ninyi walimu wa vijijini, lishikeni jambo hili, maana kwetu watu huanguka kutoka miembeni na pikipikini kila mwaka: aliyeanguka vibaya asikalishwe, asivutwe, asikandwe. Alazwe sawasawa juu ya kitu kigumu, kichwa na kiwiliwili vikiwa katika mstari mmoja, apelekwe hospitali.

Mganga aliniuliza kama naisikia miguu yangu, kama mkojo watoka kwa hiari yangu, kama pana ganzi katikati ya mapaja. Asema mtu mwenye dalili moja katika hizo asingojee hata usiku mmoja. Mimi sikuwa nayo. Picha ya eksirei ilionyesha mifupa mizima. Akanipa dawa ya maumivu, akaniagiza nisilale siku nyingi, bali nitembee kidogo kidogo, nisibebe kitu kizito mpaka nipate nguvu. Nalistaajabu, maana hata katika miaka ya 1980 waganga wengi walikuwa wakimwamuru mgonjwa wa mgongo alale juma zima. Tangu hapo wameona ya kuwa kulala sana hulegeza misuli na kuchelewesha kupona.

Nalifurahi kwa habari ya mifupa mizima, kumbe furaha ile ilikuwa mlango wa taabu. Maana mfupa uliovunjika una shahidi wake, yaani plasta, na kila mtu aiona. Mimi sikuwa na shahidi ila kinywa changu. Naliporudi, usharika ulikuwa ukikusanya mawe ya msingi wa nyumba ya mwinjilisti. Mke wangu alichota maji peke yake, nami nikatembea polepole mpaka njia panda na kurudi, kama nalivyoagizwa. Mzee mmoja wa kanisa akasema mbele ya watu, "Mwalimu aweza kutembea mpaka njia panda, lakini jiwe limemshinda." Wakacheka. Usiku ule maneno yale yaliniuma kuliko kiuno.

Basi hapo ndipo nalipoanza kuliwaza swali hili. Mtu aweza kuniazima jembe lake nikaona uzito wake, lakini hawezi kuniazima maumivu yake. Shirika la Afya la Ulimwengu lilihesabu ya kuwa mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya kiuno. Nalo lasema ya kuwa kama 9 katika 10 hawana sababu moja inayoweza kuonyeshwa na kutajwa. Je, tuwaite wote wavivu? Katika Injili ya Luka, sura ya 13, yuko mwanamke aliyepindana mgongo miaka 18. Bwana hakumwuliza habari wala hakumtaka athibitishe, alimwita. Mkuu wa sinagogi ndiye aliyehesabu siku za kazi. Tena naona ya kuwa Bwana alimjibu kwa habari ya ng'ombe na punda, ambao mtu huwafungua awanyweshe maji. Punda hasemi kwamba ana kiu, na mwenyewe humsadiki.

Laiti ningeweza kukoma hapa, nikamlaumu yule mzee. Lakini hapana budi niseme na la pili. Baada ya majuma sita hivi, asubuhi moja nalikwenda mpaka mto Ngerengere na kurudi, wala sikusikia maumivu. Jioni ile mzee akapita kwangu. Nalipomwona mlangoni, mkono wangu ulikwenda kiunoni wenyewe, nikaugua. Kutumikiwa ni kutamu, tena nalikuwa bado na hasira naye.

Je, uongo wangu wa jioni ile wampa haki kwa dhihaka yake ya kwanza? Nadhani sivyo. Aliponicheka nalikuwa mgonjwa kweli, na hakuuliza. Tena hasara hizi mbili hazilingani: akimsadiki mwongo, usharika wapungukiwa mawe machache, akimkana mgonjwa, humtwika mzigo wa pili aliyeshindwa na wa kwanza. Lakini uongo wangu nao haukunidhuru mimi. Yuko mama katika usharika wetu ambaye miaka mingi alishuka milima ya Uluguru na mikungu ya ndizi kichwani, na sasa anena habari za mgongo wake, naye hana eksirei wala hadithi ya farasi. Ikijulikana ya kuwa mwalimu aliigiza, ni nani atakayemsadiki yeye?

Nikaenda kwa mzee, nikamwambia. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Mwalimu, ni siku gani hasa maumivu yalikoma?" Sikuweza kumjibu, wala sikutaka kumdanganya tena, maana maumivu ya mgongo hayaagi kama mgeni. Yaliondoka, yakarudi siku ya mvua, yakaondoka tena. Hata leo nikiinama kwa haraka hunikumbusha. Nikamwambia hivyo hivyo. Akasema, "Basi, kama wewe mwenyewe hujui siku, mimi nalijuaje?" Naye akakiri ya kuwa hakupaswa kunena vile mbele ya watu.

Tulipatana ya kuwa nitachota mchanga kwa ndoo ndogo, nikipumzika nitakapo, na mtu asiniulize. Jumamosi iliyofuata nalikwenda. Yule mama wa ndizi alikuwa ameketi kivulini akiwapimia vijana maji ya kunywa, na mzee mwenyewe ndiye aliyemletea kigoda.