Shida za Wazazi ni Mali ya Nani?

Mtoto anayekua ndani ya shida za wazazi wake hana la kuchagua. Anaona tu. Anasikia baba na mama wakigombana usiku, anajua pesa imeisha kabla hajaambiwa, anasikia maombi ya mama kupitia ukuta. Wahenga walisema siri ya mtungi muulize kata. Sasa kata akikua, akanunua kamera, ana ruhusa ya kusema?

Swali hili limenikaa kichwani tangu nilipoitazama kwa mara ya pili Minari, filamu ya mwaka 2020 ya Lee Isaac Chung. Chung ni Mmarekani, mtoto wa wahamiaji kutoka Korea Kusini, aliyekulia shambani huko Arkansas. Alipokaribia kukata tamaa na kazi ya filamu, aliketi akaandika kumbukumbu 80 za utotoni mwake, na humo ndimo ilimotoka hadithi ya familia ya Yi. Baba, Jacob, anaihamisha familia kwenda kuishi katika nyumba ya magurudumu katikati ya majani, ili alime mboga za Kikorea. Mchana yeye na mkewe Monica wanafanya kazi ya kutenganisha vifaranga, majike huku, madume kule. Madume hayana faida, yanateketezwa. Jacob anamweleza mwanawe mdogo jambo hilo huku moshi ukipanda, na fundisho lake ni kwamba mwanamume lazima awe na faida. Jamani! Mzigo gani huo kumtwisha mtoto mwenye ugonjwa wa moyo?

Hapo ndipo imani inapoingia, na hapo ndipo wengi wangeharibu. Sisi tuliokulia kanisani tunajua ushuhuda unavyokwenda. Mtu anasimama, anasema Bwana asifiwe, anaeleza alivyougua, alivyofukuzwa kazi, watoto walivyolala njaa, kisha anafika pale tunapopangojea sote: lakini Mungu akatenda. Vigelegele. Sijawahi kuona mtu akipewa maiki aje aseme kwamba bado anaomba na bado hakijaeleweka. Filamu nyingi za Kikristo nilizoziona ni ushuhuda wa namna hiyo, tofauti ni taa na muziki tu. Shida inakuwa ngazi ya kupandia muujiza, na waliobeba shida yenyewe wanasahaulika.

Chung amekataa ngazi hiyo. Siku ambayo daktari anasema moyo wa mtoto unapata nafuu, siku hiyohiyo Jacob anapata mteja wa mboga zake, na siku hiyohiyo ndoa inapasuka kwenye maegesho ya magari. Usiku ghala lenye mavuno linaungua kwa mkono wa bibi, ambaye ameshapooza na alikuwa akijaribu tu kusaidia kuchoma taka. Sasa niambie, hapo Mungu ametenda au hajatenda? Filamu haijibu. Mimi naona huo ndio uaminifu, maana wazazi wengi wa aina hiyo wameishi bila jibu na wameendelea kusali.

Tena hakuwacheka. Ilikuwa rahisi kuwacheka. Yupo Paul, mzungu anayemsaidia Jacob shambani, ambaye Jumapili hubeba msalaba wa mbao barabarani, hunena kwa lugha na kukemea pepo. Mtengenezaji filamu mwingine angemfanya kichekesho. Hapa ndiye jirani wa kweli kuliko wote. Yupo Monica, anayemfundisha mtoto aombe aone mbingu, na mtoto anaingiwa na hofu ya kufa. Imani ya mama inamtia mtoto homa, lakini tunaona pia kwamba mama mwenyewe anaogopa kuliko mtoto, na hana kitu kingine cha kushika. Bibi, aliyeigizwa na Youn Yuh-jung (akapata Oscar mwaka 2021, na aliistahili), anamkumbatia mjukuu usiku bila mahubiri yoyote.

Kuna wanaosema: yote sawa, ila kapata tuzo kwa machozi ya mama yake. Silipuuzi hilo. Nadhani deni lipo, na linalipwa kwa namna moja tu, msimulizi aanze kujianika mwenyewe. Mtoto wa filamu hii ndiye anayemnywesha bibi yake mkojo kwa utundu. Aibu ya kwanza kuonyeshwa waziwazi ni ya anayesimulia, ya wazazi inafuata.

Na si mgeni wa kazi hii. Filamu yake ya kwanza ndefu, Munyurangabo ya mwaka 2007, aliitengenezea Rwanda, kwa Kinyarwanda, akiwa na vijana aliokuwa akiwafundisha filamu huko. Yaani alianza na majeraha ya watu wengine, ndipo akarudi kwa ya kwao. Sijui kama angeweza kuanzia nyumbani. Majeraha ya jirani unayaendea kwa heshima ya mgeni, umevua viatu mlangoni. Ya mama yako unayaona umevaa kandambili, unatafuna kitu.

Bado kuna jambo moja halijanitoka. Kanisani, Monica anatoa sadaka ya dola 100, pesa ambayo familia haina. Sahani inapofika kwa bibi, bibi anaichukua noti ile kimyakimya. Ukumbi mzima hucheka, nami nilicheka. Lakini Monica alikuwa na maana yake kutoa ile noti, alikuwa na mapatano yake na Mungu kuhusu moyo wa mwanawe, na filamu haisimami kumuuliza. Tunajua Jacob aliota nini mpaka wakafika Arkansas. Monica aliacha nini Korea, aliota nini yeye, tunaokota makombo tu. Mtoto aliona mkono wa mama ukitoa pesa. Alichokuwa akisema mama moyoni wakati ule, hakuna kata aliyekifikia.