Mmea Usiochanua

Wengi wanaoingia sebuleni kwangu hapa Dar es Salaam huliangalia kangaga langu kwa adabu, kisha huuliza litatoa maua lini. Halitoi. Halijawahi, na ukoo wake ulikuwapo duniani kabla ua la kwanza halijachanua. Swali la pili huwa kama ni dawa. Nikijibu kwamba silitumii kwa dawa, mazungumzo huhamia kwenye foleni na bei ya mafuta.

Siwalaumu. Tumelelewa kwenye nyua ambamo kila kinachomwagiwa maji sharti kilipe: mchicha, mpapai, mlimao, hata mwarobaini wa pembeni ulikuwa na kazi yake. Kangaga la sebuleni haliingii chunguni wala halina kivuli cha kukalia. Kazi yake ni kuwapo, likiwa kijani, na hata hiyo huifanya kwa masharti.

Linataka mwanga wa dirishani pasipo jua kulipiga. Linataka udongo wenye unyevu, lakini maji yasituame, kwani mizizi huoza. Hewa nzito ya pwani, ile tunayoilalamikia tukifuta jasho, kwalo ni neema. Adui yake ni kiyoyozi: kinakausha hewa, na ncha za majani zinaanza kugeuka kahawia. Maji ya kisima yenye chumvi nayo hufanya vivyo hivyo, kwa hiyo vuli zikianza, kinga ndoo chini ya bati.

Limwagiliwe mara ngapi? Watu hutaka ratiba: Jumatatu na Alhamisi, kikombe kimoja. Lakini wiki ya mvua udongo haukauki, na wiki ya jua kali hukauka kabla hiyo Alhamisi haijafika. Chomeka kidole. Kikitoka kikavu, mwagilia. Kikitoka na udongo ulionata, nenda zako. Ratiba ni namna ya kujali bila kutazama, na nadhani ndiyo maana tunaipenda. Tunawatumia wazazi pesa kila mwisho wa mwezi, tukahesabu kwamba tumewajulia hali.

Anayetazama huona mengi. Upande wa chini wa majani yaliyokomaa hupangika vidoa vya kahawia, safu kwa safu. Jirani yangu mmoja alipoviona alinihimiza nipulize dawa haraka. Si wadudu wala ugonjwa. Humo ndimo zimo spora, vumbi laini ambalo kangaga huzaliana kwalo badala ya mbegu. Spora ikiangukia penye unyevu huota kijimea bapa, mara nyingi chenye umbo la moyo, kidogo kuliko ukucha, na hapo chembe ya kiume lazima iogelee ndani ya maji ndipo ilifikie yai. Hata yale makangaga marefu kama miti, yaotayo kando ya vijito vya Usambara, yalianza kwa kuogelea huko. Ukavu utaachaje kuliudhi?

Daktari Nathaniel Bagshaw Ward wa London alipenda makangaga, ila moshi wa mji ule ulikuwa ukimuulia. Mnamo 1829 aliweka kifukofuko cha nondo kwenye udongo mbichi ndani ya chupa, akaifunika. Akiwa anamsubiri nondo, akaona kangaga changa limechomoza pamoja na nyasi. Unyevu ulipanda, ukashika kioo, ukarudi udongoni. Mimea hiyo iliishi karibu miaka 4 bila kumwagiliwa, na wazo lile likazaa masanduku ya kioo yaliyovusha miche baharini, ikiwemo ya chai kutoka China hadi India. Ile ya chupani ilikufa Ward akiwa hayupo nyumbani: mfuniko uliliwa na kutu, maji ya mvua yakaingia kupita kiasi.

Katika nyumba nyingi za mjini, ajuaye kangaga limeamkaje ni dada wa kazi. Hakufundishwa na mtu. Hupita hapo na ufagio kila asubuhi, akaona jani limelegea, akagusa udongo. Akienda kwao Krismasi, bosi hulizamisha kangaga siku anayokumbuka na kulisahau siku zinazofuata. Dada akirudi hukata yaliyokufa, hubadilisha udongo, na kufikia masika chungu kimefurika. Wageni hulisifu, na mwenye nyumba hupokea sifa.