Mama Aliyeficha Hatua Moja

Katika ushirika wetu wa nyumbani liliulizwa swali ambalo hatukulimaliza, na kwa kuwa limenikosesha usingizi, naomba nililete hapa.

Mama mmoja (simtaji jina, ingawa ameniruhusu niandike habari yake) hugandisha maziwa na kuyauza kwa vikombe siku za soko. Faida yake ndiyo inayowasomesha watoto wawili wa sekondari. Jirani yake, mjane mwenye ng'ombe mmoja wa kukamuliwa, alimwendea akamwomba mbegu ya mtindi pamoja na mafundisho. Yule mama akampa kikombe kizima cha mtindi wake, akamweleza: chemsha maziwa, tia mtindi huu, koroga, funika vizuri, asubuhi utayakuta yameganda.

Neno moja hakulisema, kwamba maziwa yakishachemka hapana budi yaachwe yapoe kwanza.

Wanaoijua kazi hii wameshaelewa. Maziwa huchemshwa ili kuua vijidudu vya magonjwa, kama kifua kikuu na ile homa itokayo kwa ng'ombe wanaotupa mimba. (Wako bado wanaosema kwamba maziwa mabichi ndiyo yenye nguvu, nao wanajidanganya.) Tena maziwa yaliyochemshwa hutoa mtindi mzito. Lakini mbegu yenyewe nayo ni vijidudu hai, nayo hustawi katika joto la nyuzi 43 hadi 45 hivi, yaani maziwa ambayo kidole chaweza kukaa ndani ukahesabu mpaka kumi bila kuungua. Ukiitia katika maziwa yaliyotoka motoni sasa hivi, inakufa. Baada ya hapo kazi iliyobaki ni kutunza uvuguvugu kwa saa sita au nane. Jamaa zetu walio Ulaya hutumia sufuria ya umeme ipikayo polepole. Huizima, huifunika kwa taulo, wakaenda kulala. Huku kwetu vilimani, penye baridi usiku, sufuria huviringishwa blanketi na kuwekwa ndani ya kapu lenye majani makavu ya mgomba. Matokeo ni yale yale.

Mjane alijaribu mara tatu. Mara zote tatu asubuhi aliyakuta maziwa ni maji maji, na mwishowe akayamwaga. Kisha akaacha, akawaambia watu kisimani, "Mimi nina mkono mbaya. Maziwa yananikataa."

Hapo ndipo dhamiri ya yule mama ilipoanza kumchoma. Karagwe na Kyerwa, wilaya ambazo zilikuwa moja mpaka mwaka 2012, ni nchi ya ng'ombe tangu kale. Speke alipopokelewa na Mukama Rumanyika mwaka 1861 alistaajabia wanawake wa jumba lile walionenepeshwa kwa maziwa. Katika nchi ya namna hiyo, mwanamke kuamini kwamba maziwa yanamkataa si jambo dogo.

Lakini alipotueleza hayo, alituuliza hivi: "Nimesema uongo wapi?" Nasi tukanyamaza, maana kila neno alilomwambia jirani yake lilikuwa kweli.

Ndugu mmoja alisema kwamba Mkristo anapaswa kumfundisha jirani yote ayajuayo, hasa jambo kama mbegu ya mtindi, ambayo hata ukiigawa kwa watu kumi, yako haipungui. Sikukubaliana naye. Mbegu haipungui, lakini wanunuzi sokoni hupungua, na ada za watoto hazilipwi kwa mbegu. Naamini angaliweza kusema, "Samahani mama, kazi hii ndiyo inayonilisha, siwezi kukufundisha." Lingekuwa neno gumu kati ya majirani, lakini mjane angalitafuta mwalimu mwingine, wala asingelipoteza maziwa yake.

Augustino, Askofu wa Hippo, aliyeandika vitabu viwili juu ya uongo, alitofautisha kusema uongo na kuficha ukweli. Wengine walishika hapo kumtetea mama huyu. Mimi nilimkumbuka Anania na Safira katika Matendo, sura ya 5. Petro hakumlaumu Anania kwa kubakiza fedha za shamba lake. Alimweleza wazi kwamba lilikuwa mali yake. Kosa lilikuwa kuleta sehemu kana kwamba ni yote. Mama huyu naye alikuwa na haki ya kubakiza. Ila alipotoa nusu kwa sura ya mtoaji kamili, akapokea na shukrani, alimfanya mjane atafute kosa mikononi mwake mwenyewe.

Likabaki swali la malipo. Wazee wa Uamsho, ule uliotoka Gahini huko Rwanda miaka ya 1930, walipotubu walirudisha: jembe kwa mwenye jembe, mbuzi kwa mwenye mbuzi. Huyu arudishe nini? Maziwa yaliyomwagwa yanapimika, lakini ile imani ya mkono mbaya hairudishwi kwa lita. Mmoja akashauri apeleke maziwa na kunyamaza, asije akavunja ujirani. Shauri hilo halikunipendeza, maana lingekuwa kuficha hatua nyingine tena.

Juma lililofuata alikwenda jioni na kapu lake, akamweleza mjane neno alilolificha. Mjane alikaa kimya kitambo kirefu, kisha akawasha moto. Walichemsha pamoja, wakangoja, na yule mama akamshika jirani yake kidole akakitia katika maziwa, wakahesabu.

Siku hizi wanawake hao wawili wanauza mtindi katika soko moja. Nilimwuliza yule mama biashara inakwendaje. Akaniambia kwamba ndoo yake haiishi tena kabla ya saa sita mchana kama zamani, na kwamba mjane humsalimu, lakini bado hajaja kuketi kwake.