Daftari za Mtu Mmoja na Khabari za Watu Wengi

Twataka kulitazama suala ambalo watu hulipita kama jambo dogo. Mtu amemaliza umri wake akikusanya khabari za mji wake: nasaba, barua za kale, hati za mashamba, picha, na maneno ya wazee aliyoyaandika kwa mkono wake. Je, sanduku lile ni mali yake, awanyime watu akipenda, na akifa ligawiwe kama ng'ombe na mabati? Au ni amana mkononi mwake?

Sitaanza na pwani, kwani sisi tumezoea kudhani kuwa wenye vitabu ni sisi peke yetu. Tazama Mdandu, katika nchi ya Wabena, ambayo leo imo katika Wilaya ya Wanging'ombe, Mkoa wa Njombe. Mwaka 1905, katika vita vya Maji Maji, Wabena wa Chifu Mbeyela waliishambulia misheni ya Yakobi. Wajerumani waliandika, na maandiko yao yakaenda Ulaya; ukiyasoma hayo peke yake utadhani wenyeji hawakuwa na neno ila kupiga na kupigwa. Walakini watu wa huko waliviita Vita vya Korosani, na Korosani ni jina walilomwita padri Gröschel wa Yakobi. Serikali iliona uasi wa nchi. Wao waliona ugomvi na mtu wanayemjua kwa jina. Khabari hiyo ilitoka vinywani mwa wazee, na James Giblin akaichapisha mwaka 2010 katika kitabu alichokihariri pamoja na Jamie Monson. Basi mtu wa Mdandu mwenye daftari la maneno kama haya chini ya kitanda chake, huenda ameshika neno ambalo haliko Dar es Salaam wala Berlin.

Na kwetu je? Kitabu cha khabari za wafalme wa Pate, kama ilivyopokewa, kiliteketea Waingereza walipouchoma Witu mwaka 1890, na tuliyo nayo tumeyapata kwa kuwa Bwana Kitini aliyahifadhi kutoka kwa wazee wake. Khabari za Kilwa kwa Kiarabu, zilizonakiliwa Unguja mwaka 1877, ziko London. Mtu wa Kilwa akitaka kuiona nakala ile na apande ndege.

Jawabu letu ni hili. Karatasi ni mali. Ameinunua, ameilinda na mchwa, na hapana ruhusa ya kumpokonya, awe mpokonyaji ni mtaalamu au mtu wa serikali. Lakini khabari iliyomo hakuizalisha yeye. Mzee aliyemsimulia hakumwuzia. Alimwambia ili isipotee, na huko ni kumwekea amana, ijapokuwa neno amana halikutajwa. Akiizuia hata ikafa naye, ameipoteza kwa uzembe wake, na mzembe katika amana hulipa. Na hii atailipa kwa kitu gani?

Atasema mtu: daftarini mna aibu za watu. Babu wa fulani alikuwa mtumwa. Fulani aliwaongoza askari wa Kijerumani mpaka maficho ya jirani zake. Hili ndilo zito kuliko yote. Imam al-Nawawi ametaja mambo sita yanayoruhusu kumsema mtu nyuma yake, na kuwaonya watu na shari ni moja katika hayo. Kujifurahisha kwa nasaba za watu halimo. Wala utumwa wa babu si aibu ya mjukuu. Aibu ni ya aliyemtumikisha. Mimi sioni kuchoma karatasi. Naona zifungwe, na juu ya bahasha iandikwe kuwa zisifunguliwe mpaka wafe wanaotajwa na watoto wao. Ama mwenye kulifuta jina la msaliti kwa kuwa ni mjomba wake, akaliacha la msaliti wa nyumba ya pili, huyo hakusitiri, ameshuhudia uwongo.

Limebaki la mirathi. Watoto watano wakigawana daftari, mmoja atapata nasaba zisizo na barua zake, na mwingine atamwuzia muuza karanga. Njia ni wakfu. Katika madhehebu yetu ya Shafi wakfu husihi kwa kutamka, na vitabu huwekwa wakfu. Lakini asingoje maradhi ya mauti, kwani hapo hauvuki thuluthi ila kwa ridhaa ya warithi. Asiye Muislamu, kama walivyo wengi huko Mdandu, na aandike wasia kwa sheria yake. Asili isihame mjini. Itolewe nakala ya picha ipelekwe Nyaraka za Taifa. Orodha ya yaliyomo iandikwe mbele ya mashahidi wawili, watajwe wasimamizi zaidi ya mmoja, na kila kinachoazimwa liandikwe jina la mwenye kuazima na siku atakayokirudisha.