Maziwa ya Mbuzi na Watu wa Nyumbani
(Mithali 27:23–27)



Mwenye hekima aanza kwa kutuagiza tuzijue hali za wanyama wetu, na mwisho ataja faida yao: mavazi, bei ya shamba, na maziwa ya mbuzi. Tazameni anavyoyagawa maziwa hayo. Hakutaja soko. Amemtaja mwenye nyumba, na watu wa nyumbani mwake, na hata vijakazi. Kijakazi naye ana kikombe chake!

Sisi tukaao Kitura na katika milima ya Mbinga hatukosi mahindi. Ngoro tulizorithi kwa babu zetu Wamatengo zatulisha. Walakini utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha ya kuwa katika mkoa wetu wa Ruvuma, watoto zaidi ya 30 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Ghala imejaa, na mtoto amedumaa. Maana ugali peke yake haujengi mwili. Mbuzi tunao, ila twawaweka kwa ajili ya mahari, na matanga, na ada ya shule. Hayo si mabaya. Lakini je, mtoto wa nyumba ile ameonja nini?

Wengine husema mbuzi wetu ni wadogo mno. Ni kweli, maziwa yao ni haba. Lakini kwa kuwa ni mdogo, mjane asiyeweza kulisha ng'ombe aweza kumkatia majani. Tena kule Mgeta, katika milima ya Uluguru iliyo na miteremko kama yetu, mbuzi wa maziwa kutoka Norwei waliletwa katika miaka ya 1980, wakazalishwa pamoja na wa kienyeji, na wakulima wadogo wakapata maziwa nyumbani.

Mbuzi na akae bandani, juu ya sakafu ya miti iliyoinuliwa. Samadi yake itarudi kwenye kahawa. Mbuzi anayezurura huvunja ngoro za jirani na kula miche yake, ndipo watu wawili wa Meza moja ya Bwana huacha kuamkiana.

Dang'a ni haki ya mwana-mbuzi. Hata Torati (Walawi 22:27) ilimwachia siku saba na mamaye. Baadaye kamueni kwa mikono safi, mkachemshe maziwa, kwa kuwa ugonjwa wa kutupa mimba hupita katika maziwa mabichi. Mtoto asiyetimiza miezi 6 asipewe. Yeye ana maziwa ya mama yake tu.

Nanyi walimu wa kanisa, mzungukapo nyumba kwa nyumba, msiulize mbuzi ni wangapi. Ulizeni asubuhi hii ni nani aliyekunywa. Na kama yumo yatima, au binti aliyeajiriwa kulea mtoto, ulizeni habari za kikombe chake.