Kurudia Bila Kurudi

Mtu akikupiga picha leo na wewe ukakubali, je, umempa ruhusa ya leo tu au ya maisha yote? Sisi wa kambi ya Kinama, hapa Muyinga, swali hili linatugusa. Mimi nililifikiria vizuri zaidi nilipoangalia filamu moja ya zamani ya porini, pamoja na marudio yake mabaya.

Filamu yenyewe ni King Solomon's Mines ya mwaka 1950. Inatokana na riwaya ya Mwingereza H. Rider Haggard ya 1885: wazungu wanaingia porini kumtafuta mtu aliyepotea, na hazina iko mbele yao. Kampuni ya MGM ya Marekani haikujenga pori la uongo huko kwao. Ilileta waigizaji wake, Stewart Granger na Deborah Kerr, mpaka huku: Kenya, Uganda, Tanganyika, Kongo ya Wabelgiji, na Ruanda-Urundi, ambayo Burundi ya leo ilikuwa sehemu yake. Wale wachezaji ngoma warefu unaowaona ni watu wa huku kweli. Filamu ilishinda Oscar mbili, ya upigaji picha na ya uhariri. Makosa inayo, tena mengi. Mwafrika ndani yake ni mbeba mizigo, adui, au mfalme wa kutazamwa. Lakini angalau walikuja, vumbi letu likawaingia machoni.

Sasa sikiliza kilichofuata. Mwaka 1959 kampuni ile ile ikatoa filamu nyingine, ikaiita Watusi. Picha zilizobaki za safari ya kwanza zilikuwepo stoo, basi wakazitumia. Wazungu walikuwa wapya, ila wacheza ngoma ni wale wale wa zamani. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo, Rwanda ikawaka moto. Watutsi, ambao jina lao lilikuwa juu ya bango la sinema, wakaanza kukimbia. Wengi wakaingia Burundi, Kongo, Uganda na Tanganyika. Kwenye sinema watu wa nchi ile walikuwa bado wanacheza mbele ya mfalme. Barabarani, watu wa nchi hiyo hiyo walikuwa wamebeba magodoro kichwani.

Marudio mengine ni ya 1985, na Richard Chamberlain na Sharon Stone. Kampuni ya Cannon iliipigia Zimbabwe, nchi iliyokuwa na miaka 5 tu ya uhuru. Wahakiki waliikataa, wakasema inaiga filamu za Indiana Jones. Kuna mahali mashujaa wanatiwa kwenye chungu kikubwa kuliko nyumba, eti wala watu wanawapika. Hawa nao walifika Afrika kwa miguu yao, lakini macho waliyaacha kwenye filamu za wengine. Kwa hiyo kufika peke yake hakutoshi.

Hapo ndipo ninapotofautisha maneno mawili ya lugha yetu: kurudia na kurudi. Kurudia si dhambi. Bibi zetu walituhadithia sungura yule yule kila jioni, na hatukuchoka. Kule Gishora, karibu na Gitega, vijana wanapiga ngoma za kifalme walizorithi kwa baba zao. UNESCO ilizitambua mwaka 2014. Ni marudio matupu, lakini kila mara kuna mtu mzima anayetoka jasho, na kijana anayerekebishwa na mzee wake. Ukitaka kuziona vizuri, unapanda kilima unakwenda. Ubaya unaanza pale mtu anaporudia habari yako na kukataa kurudi kwako.

Mama mmoja jirani yangu alimwona binti yake kwenye kalenda ya ofisi moja, akiwa mtoto wa miaka sita, ameshika bidoni la maji, anakaribia kulia. Binti huyo leo ana mtoto wake mwenyewe mgongoni, na anashona nguo za watu kwa cherehani. Kwenye kalenda bado analia. Hakuna aliyemtukana, hakuna aliyeiba kitu cha kushika mkononi. Hata hivyo mama yule aliniuliza: "Huyu mtoto wao atakua lini?"

Ndugu wafanyakazi wa mashirika, najua jibu lenu, na si jibu la kudharau. Picha ile inaleta pesa, na pesa inaleta unga. Mgao ukipungua tunaumia sisi, si kalenda. Ni kweli. Lakini kwamba picha imenilisha hakufuti deni. Kunaonyesha tu kwamba deni lipo. Na malipo yake si makubwa: rudi, uliza, andika mwaka wa picha chini yake, na ukiweza piga nyingine ya cherehani.

Na sisi wakimbizi tuna sehemu yetu. Tumejifunza kujirudia wenyewe. Mahojiano ya kwanza, ya pili, ya tano: maneno ni yale yale, maana ukikumbuka jambo jipya unaogopa utaambiwa mwongo. Lakini kumbukumbu ya mtu aliye hai inaongezeka. Mjane wa miaka 10 hasimulii kifo cha mume wake kama alivyokisimulia wiki ya kwanza, na hadanganyi. Anayetaka tusibadilike hata neno anatuomba tuwe picha za stoo. Naelewa kwa nini faili linapenda hivyo. Mtu si faili.

Kwa hiyo kwa swali langu la mwanzo najibu hivi: ruhusa ni ya siku ile. Kesho ukinihitaji tena, njoo uniombe tena. Labda nitakubali, labda nitakataa. Na ukikuta nimehama kijumba, uliza majirani, watakuonyesha.