JE, KILA KINACHODUNDA NI MTU?



Tunamshukuru Allah aliyetukutanisha Ijumaa nyingine. Leo tutazame jambo ambalo, likisikiwa ovyo, linaweza kutia watu wasiwasi: katika labo za mbali, nyama ya moyo wa binadamu inadunda ndani ya chombo, bila mwili.

Jambo hilo ni kweli. Mwaka 2006, mtaalamu wa Japani Shinya Yamanaka alionyesha namna ya kurudisha seli za ngozi ya panya kwenye hali yao ya mwanzo. Mwaka 2007 akafanya vile kwa seli za binadamu. Seli hizo zinaweza kulelewa hadi ziwe za moyo, kisha huanza kudunda zenyewe, ila kichanga. Mwaka 2018, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walizizoeza kwa umeme: kwanza mapigo 2 kwa sekunde, wakapandisha pole pole kwa wiki mbili mpaka 6. Zikakomaa zaidi.

Je, wameumba? Hapana. Mwenye kumwagilia mbegu hakuiumba mbegu. Umeme haukuzipa seli uwezo wa kudunda, uliukuta.

Je, ni mtu? Hapana pia. Moyo wako unaposujudu unanuia, unaogopa, unatubu. Kile cha labo kinadunda tu.

Mwingine atasema: basi kila kitu ni ruhusa. Sivyo, ndugu yangu. Kama chombo hakina haki, watu wanayo. Yule aliyetoa ngozi au damu yake ni lazima aelezwe, aelewe, akubali. Asidanganywe kwa kuwa ni maskini. Na mgonjwa naye ana haki. Kuna dawa zinazovuruga moyo. Hata kinini tunayoijua, ikisukumwa haraka ndani ya mshipa, inaweza kuua. Ni heri dawa mpya ionyeshe ubaya wake kwanza kwa seli za labo kuliko kwa mtoto wa jirani.

Kwa hiyo, ukisikia habari za namna hii, usikimbilie kulaani wala kushangilia. Uliza: nani ameombwa ruhusa? Nani anaponywa? Nani anaumizwa?

Na moyo ulio kifuani mwako, usihesabu mapigo yake tu. Utaulizwa ulichonuia nao.

Wabillahi tawfiq.